Mpaka Vidonge Vishindwe

Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika pembe za huku, mwenzake anashika za kule, wanavuta mpaka kitambaa kinakaza, wanasogeleana, mmoja anamkabidhi mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo wa chini, wanarudi nyuma na kuvuta tena. Ukishakunja na mtu mmoja kwa miaka, humtazami hata usoni. Shuka lenyewe linakwambia kama jana hakulala, kama kagombana na mumewe, kama katoka nyumbani bila kutia kitu tumboni.

Mwenzangu namwita Pacha, naye ananiita Pacha, na pale kazini wote wanatuita mapacha, ingawa yeye ni mnene mwenye mwanya na mimi ni mkavu kama kuni. Tunafanya kazi kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Yakifika kwetu hayana tofauti. Mgonjwa na mgeni wa hoteli, kila mmoja anaacha doa lake, na kila doa lina mtu wa kulisugua.

Pacha ndiye aliyejua bega langu limeharibika kabla sijamwambia mtu yeyote.

"Pacha, unavuta kwa mkono mmoja."

"Navuta kwa yote miwili."

"Basi mmoja umekwenda likizo bila ruhusa ya msimamizi."

Tulicheka. Msimamizi wetu tunamwita Saa Ngapi, kwa sababu hajui salamu nyingine. Ukiingia anakuuliza saa ngapi, ukienda chooni ukarudi anakuuliza saa ngapi, na saa kubwa imetundikwa juu ya kichwa chake mwenyewe.

Maumivu yalianzia shingoni, yakashuka begani, yakateremka mkono mzima mpaka vidoleni kama waya uliotiwa motoni. Kwanza nilimeza dawa za kawaida, hizi za dukani. Zikanichoma tumbo mpaka nikatapika damu ndani ya ndoo ya kufulia, na Pacha akaimwaga haraka Saa Ngapi asije akaiona. Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole, macho yamemvimba kwa uchovu. Alinigeuza shingo huku na huku, akanichoma vidole kwa pini, akasema neva imebanwa kwenye pingili za shingo. Haihitaji kupasuliwa. Inahitaji mazoezi ya viungo chini ya mkono wa mtaalamu kwa miezi kadhaa, na sindano moja au mbili za kuituliza neva yenyewe pale ilipobanwa.

"Ukifanya hivyo utapona, mama. Utakunja mashuka yako mpaka uchoke mwenyewe."

"Na nisipofanya?"

Akakuna kidevu. "Kuna vidonge vikali. Vile vya jamii ya afyuni. Vinazima maumivu, lakini haviiponyi neva."

Nikamwambia hivyo sivitaki. Nimeishi navyo nyumba moja, navijua tabia.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Alitembea juu ya boriti kama mtu anayetembea sebuleni kwake, huku anapiga mluzi. Siku aliyoanguka hakuanguka kutoka juu sana, lakini aliangukia nyonga. Wakampa vidonge vyeupe. Mwanzo nilivishukuru, maana alilala, na alipoamka alinitania kama zamani. Kisha akaanza kuvimeza kabla maumivu hayajaja, akisema anayawahi. Kisha nyundo ikaondoka, msumeno ukaondoka, ngazi ikaondoka, na baada ya ngazi zikafuata sufuria zangu. Mtu aliyekuwa anapiga mluzi juu ya paa akawa anakaa kitandani na kujikuna mikono, ananitazama kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Asubuhi moja nilimgusa nikakuta baridi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na pakiti tupu yenye mstari wa bluu pembeni ilikuwa chini ya mto.

Dada yake ndiye aliyeingia wa kwanza nilipopiga kelele. Yaani wifi yangu. Alimtazama kaka yake, akaitazama pakiti, akaiokota na kuifunga kwenye pindo la nguo yake. Alifunga fundo lile pole pole, akakaza kwa meno. Halafu akatoka nje, na kabla mimi sijapata pumzi ya kusema lolote, majirani walikuwa wameshaambiwa kwamba fundi amefariki kwa moyo.

Basi ikawa moyo. Wifi hakuwa na mume tena wala mtoto, akabaki kwangu, na tumezeeka pamoja hivyo. Sitasema uongo juu yake. Mkono wangu ulipoanza kugoma, yeye ndiye aliyenifunga vifungo vya gauni kila asubuhi na kunisuka nywele. Ananisuka anavuta, lakini ananisuka.

Sasa nirudi kwenye bima. Kila mwezi pale kazini wanatukata mshahara kwa ajili ya bima ya afya. Hawatuulizi kama tunataka. Tunapewa kadi yenye picha ya familia inayocheka, na mimi niliitunza kadi ile kama hirizi. Nikadhani siku nikiumwa, ndiyo itakayonisimamia. Daktari aliwaomba walipie mazoezi na sindano. Jibu likaja kwake naye akanieleza huku anatazama meza. Mazoezi yanalipiwa, sindano inalipiwa, ila ni mpaka mgonjwa atumie kwanza vile vidonge vikali na vidonge vishindwe.

"Vishindwe vipi?" nikamuuliza.

"Utumie, kisha uonekane bado unaumwa."

"Na visiposhindwa?"

"Basi utaendelea navyo."

"Mpaka lini?"

Alisema hata yeye amegombana nao kwenye simu, wakamwambia huo ndio utaratibu, vidonge vina gharama ndogo kuliko mtu wa kukunyoosha mkono kila wiki. Halafu akafikiri kidogo, akaniambia kuna mlango mmoja uko wazi. Ikiwa ndani ya nyumba ya mgonjwa kuna mtu aliyewahi kuharibiwa na dawa hizo, bima inaweza kuruka hatua ya vidonge na kulipia mazoezi moja kwa moja. Lakini hawachukui neno la mgonjwa, wala la daktari wake. Watapiga simu nyumbani, wamuulize mtu mzima mwingine anayeishi humo.

Mtu mzima mwingine humo ni mmoja tu. Nikatoa namba ya wifi.

Nilimweleza jioni ile ile, tumekaa jikoni, yeye anachambua mchele na mimi nimeuegemeza mkono juu ya mto. Nikamwambia watapiga, watakuuliza juu ya kaka yako, waambie kama ilivyokuwa. Mkono ndio unaotulisha, wifi. Akasema, "Nimesikia, wifi." Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Kazini simu zinakusanywa asubuhi na kufungiwa kwenye droo ya Saa Ngapi, kwa hiyo sikuwapo walipopiga. Nilirudi nikamkuta wifi amevaa vizuri, kama mtu aliyetembelewa.

"Wale watu wa bima wamepiga," akasema. "Binti mwenye adabu huyo. Kaniamkia vizuri, kaniuliza hali, kaniuliza na yako."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tunashukuru, hatujambo. Tangu lini mtu akaulizwa hali na mgeni akaanza kuhesabu vidonda?"

"Na juu ya kaka yako?"

Akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi. "Akaniuliza kama humu ndani kuna mtu aliyewahi kuzitegemea hizo dawa zikamharibu. Nikamwambia mwanangu, huu ni ukoo wa watu wa heshima. Hatuna mtu wa namna hiyo, hatujawahi kuwa naye."

Nilikaa chini. Sikuwa na nguvu ya kupiga kelele.

"Wifi," nikasema, "kaka yako alikufa na nini?"

"Moyo."

"Tuko wawili tu humu. Hata paka hayupo."

"Moyo," akasema tena. "Marehemu hana mdomo wa kujitetea. Mimi ndiye mdomo wake."

"Na bega langu mimi ni bega la nani?"

Aliniletea chakula, nikakiacha. Kwa siku kadhaa tulipishana mlangoni kama wapangaji. Alinifunga vifungo bila neno, nami nilifungwa bila neno.

Bima wakajibu kwamba wamekataa, kwa sababu hakuna historia ya aina hiyo nyumbani. Daktari akasema jibu linaweza kubadilishwa, lakini lazima abadilishe yule yule aliyelitoa, aende mwenyewe dirishani kwao akaseme kwa mdomo wake. Nilimfikishia wifi ujumbe huo nikiwa nimegeukia ukuta. Kilichomgeuza ni kikombe. Nilikuwa nanywa chai mbele yake, vidole vikafa ganzi ghafla, kikombe kikaanguka na chai ikanimwagikia mapajani, nami nikabaki nimekaa vile vile natazama mkono kama si wangu. Wifi alinipangusa. Alipomaliza akasema, akiwa bado amepiga magoti, "Kesho twende."

Usiku huo nililala kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Nilijiruhusu kuwaza mambo ya kijinga, kama kujisuka mwenyewe.

Ofisi ya bima ina viti vya chuma vilivyounganishwa, mmoja akijikuna safu nzima inatikisika. Mwisho wa chumba kuna dirisha la kioo lenye tundu dogo lililotobolewa chini mno, sijui walimpimia nani. Ukitaka kusikika unainama, unapaza sauti, na safu zote nyuma yako zinasikia ugonjwa wako. Mbele yetu mzee mmoja alitangaza habari za kibofu chake kwa chumba kizima. Watu walitazama dari.

Tulipokaribia, mtu wa kiti cha nyuma yetu akanigusa.

"Shemeji? Ni wewe?"

Alikuwa fundi mwenzake mume wangu. Waliezeka pamoja mapaa ya nusu ya mji. Sasa ana mvi na fimbo. Akatusalimu wote wawili, akamgeukia wifi.

"Na wewe ni dada yake. Sura moja kabisa. Nakwambia mama, mpaka leo vijana nikiwafundisha nawaambia, kulikuwa na mtu hapa, akipigilia bati hutaona msumari. Mtu safi yule. Hakuwahi kumdhulumu mtu hata msumari mmoja. Mungu kamchukua mapema tu."

Wifi aliinua kidevu. Nilikiona kinapanda. Nilitaka kumwambia yule fundi anyamaze, afe na fimbo yake palepale, lakini alikuwa anamsifu mume wangu, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Tukaitwa. Binti wa dirishani alikuwa yule yule mwenye adabu, wifi alimtambua kwa sauti, tamu kama ya redioni.

"Karibuni mama zangu. Mmekuja kurekebisha jibu?"

Wifi aliinama kwenye tundu. Nyuma yetu viti vilinyamaza, watu wamekaa kusubiri kibofu kingine.

"Sema kwa sauti, mama. Marehemu kaka yako aliwahi kuharibiwa na dawa za maumivu?"

Wifi akageuza shingo kidogo, akamwona yule fundi ameegemea fimbo, anatutazama kwa huruma ya kweli. Akarudisha uso kwenye tundu.

"Kaka yangu alikufa kwa moyo," akasema. Alisema kwa sauti safi. Nadhani na mzee wa kibofu, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alisikia.

"Kwa hiyo jibu la mwanzo linabaki?"

"Linabaki."

Nilimsukuma nikainama mimi. Nikasema mume wangu aliuawa na vidonge hivyo hivyo mnavyotaka nimeze, nilimkuta mimi, nilimgusa mimi. Sikujali nani anasikia. Binti alinisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima sifa hiyo.

"Pole sana, mama. Lakini wewe ndiye mwombaji. Hatuwezi kupokea ushahidi wako kwa jambo lako mwenyewe. Hukulisoma sharti hilo kwenye kijitabu?"

"Mwanangu, mimi hata mlango wa darasa siujui ulivyo. Nisome kijitabu chenu?"

"Basi ungemwomba mtu akusomee." Akatabasamu vile vile. "Vidonge vimeshaidhinishwa lakini. Unaweza kuvichukua wakati wowote."

Nilipogeuka, yule fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Tulirudi kwa miguu, wifi upande mmoja wa barabara na mimi upande wa pili.

Ningeweza kuendelea kukataa kama ningekuwa na mahali pa kukatalia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo nilikwenda kumuuliza bei yake nikijilipia mwenyewe, nikatoka bila kuaga. Kazini Pacha alinibeba kadiri alivyoweza. Alivuta kwa nguvu za watu wawili, aliokota mkunjo wa chini yeye, mimi nikawa msumari tu wa kutundikia shuka. Lakini shuka halifichi. Likikunjwa na mkono mmoja linatoka na makunyanzi pembeni, na hoteli hazilipii makunyanzi. Saa Ngapi aliniita kwenye meza yake, chini ya saa.

"Mama, hoteli wamerudisha toroli zima."

"Naumwa."

"Una bima," akasema. "Kampuni inakulipia bima ili upone. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Unawaona wale wanawake wanaosimama getini kila asubuhi? Wote wana mikono miwili."

Nilipotoka, Pacha alikuwa amesimama na shuka mikononi, ananisubiri. Akaniuliza kasemaje. Nikamwambia kaniuliza saa ngapi. Hakucheka.

Nilikwenda kuchukua vidonge mchana wa siku ya mapumziko. Hakuna aliyeniuliza ukoo wangu. Hakuna aliyepiga simu nyumbani. Nilionyesha kadi yenye familia inayocheka, nikapewa mfuko. Nilipoufungua barabarani, pakiti ilikuwa ile ile, rangi ile ile, na ule mstari wa bluu pembeni.

Niliiweka mezani mbele ya wifi. Aliitambua kabla haijatulia. Nilitaka aseme neno, lolote, hata moyo. Alisimama, akajaza maji kwenye kikombe, akakishika yeye mwenyewe karibu na mdomo wangu kwa sababu mkono wangu haukuweza kukishika.

"Kimoja tu, wifi," akasema.

"Na yeye alianza na kimoja."

Maji yalimwagika kidogo.

Kisha akaichukua pakiti, akaifunga kwenye pindo la nguo yake. Akasema yeye ndiye atakayenipa, asubuhi na jioni, wala si zaidi. Sikubishana. Joto lilikuwa limeshaanza kunishuka mgongoni, zuri, kama mtu anayekufunika shuka lililotoka kwenye pasi. Bega lilinyamaza. Nilikuwa nimesahau kwamba bega linaweza kunyamaza. Nilikaa kwenye kiti nikalia kwa raha, na nikamwelewa mume wangu, jambo ambalo sikulitaka hata kidogo.

Makunyanzi yaliisha kwa siku chache. Saa Ngapi akanipitia akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu asubuhi moja tulikuwa tunakunja, mimi na Pacha, nami nilikuwa nawaza kitu fulani chepesi, sikumbuki nini.

"Pacha, vuta."

"Navuta."

"Hujavuta."

Nikatazama. Pembe zilikuwa mkononi mwangu, nimezishika vizuri kabisa, lakini katikati shuka lilikuwa limelegea mpaka limegusa sakafu. Lilikuwa na alama ya unyevu. Ningeapa kwamba nilikuwa navuta. Pacha alinitazama usoni, kitu tusichokifanya. Kisha akalikusanya lile shuka lote kifuani kwake, akalipeleka kufuliwa upya.

Binti wa bima alipiga mwezi ulipokwisha. Safari hii nilikuwa nyumbani. Akaniamkia, akaniuliza hali, akaniuliza kama vidonge vimeshindwa. Maana vikiwa vimeshindwa, alisema, sasa tunaweza kuzungumza juu ya mazoezi. Wifi alikuwa amelala mkekani, mchana ule, mdomo umefunguka kidogo, mkono mmoja juu ya pindo la nguo.

Nikamwambia binti havijashindwa. Ni kweli havijashindwa. Akasema vizuri sana, mama, endelea navyo.

Nilikata simu nikakaa karibu na wifi. Kidonge cha jioni bado kilikuwa mbali, na bega halikuwa linauma, lakini lingeuma, nilijua lingeuma, na heri kuliwahi. Niliusogeza mkono wake taratibu nikaulaza kando. Fundo alikuwa amelikaza kwa meno kama kawaida yake. Mkono ule ule ambao haukuweza kushika kikombe cha chai ulilifungua bila shida.